Nusu ya Bustani

Nyemo amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo,
na kusubiri ni kazi asiyoiweza.
Nyuma ya daftari la Kemia
ameandika nyumba kumi na moja za Ilazo na Area D,
nyumba zenye ukoka,
na kando ya kila jina, bei.

Mvua ya Desemba hapa Dodoma haina utani.
Miezi saba ardhi inalia chini ya jembe kama chungu,
kisha wiki mbili tu
na nyasi zinakushika magoti.

Jumamosi tulikwenda Sabasaba, mimi na yeye,
na laki nne na nusu, za kibubu chake na za mbuzi wa bibi yake,
zimefungwa kwenye leso, leso ndani ya soksi.
Muuzaji akatoa mashine mbili, akaziweka juani
kama mtu anayeonyesha madume mnadani Msalato.

"Hii ya petroli haina maringo," akasema.
"Laki tatu na nusu. Ikigoma, badili plagi.
Ikigoma tena, pumzika, vuta."
Nyemo akavuta kamba. Kimya.
Akavuta. Ikakohoa.
Mara ya nne ikanguruma, njiwa wakahama paa la mashine ya kusaga,
na moshi ukamfunika mtoto wangu hadi kiunoni.
Alikuwa anacheka. Sikumsikia, niliona meno.

"Na hii ya betri," muuzaji alishusha sauti, kama anauza dawa.
Akabonyeza. Mlio wa feni, basi.
Bei? Alitazama viatu vyetu kwanza.
Laki tano na thelathini.

Njia nzima ya kurudi alihesabu kwa vidole:
petroli, oili, plagi, mkono huu;
uniti za LUKU, mkono ule.
Mimi nilitaka ya petroli, sifichi.
Nimefyeka nyasi za serikali miaka kumi na miwili,
na kitu kisichopiga kelele
siamini kama kinafanya kazi.

"Baba, Sista Mbeho anatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi.
Saa yangu ya nyasi ndiyo saa yake ya kulala."
"Na umeme ukikatika?"
"Utarudi."
"Na usiporudi?"
Akafunga daftari.

Elfu themanini zilizopungua zilitoka kwenye upatu wangu.
Mama yake hajui. Msimwambie.

Alhamisi ya kwanza, kwa Sista Mbeho.
Mashine ilipita chini ya dirisha lake, ikageuka, ikapita tena,
pazia halikutikisika.
Nyasi zililala kwa mistari, kijani hafifu, kijani kikavu,
na nilikuwa karibu kukiri
ilipozima.
Usiku umeme ulikuwa umekatika saa sita, chaji haikujaa.
Bustani ikabaki kama kichwa cha mteja wa kinyozi
giza lilipoingia saluni.

Nyemo hakusema kitu. Alipangusa jasho, akatazama lango.
Nami nikaenda kwenye baiskeli,
nikafungua fyekeo nililolifunga chini ya keria alfajiri
bila kumwambia mtu.

Fyekeo nalo halina kelele, nilikuwa nimesahau.
Shwaa, shwaa.
Bega lilikumbuka kabla yangu.
Yeye alifuata nyuma na reki, tukaenda hivyo
mpaka kwenye ua wa mchongoma.

Saa nane mchana Sista alitoka na khanga, macho yamevimba usingizi,
akatazama kushoto, akatazama kulia.
"Nimelala kama mawe," akasema.
"Ila upande ule mmekata vizuri zaidi."
Akaonyesha wa kwangu.

Nyemo akapokea elfu kumi na tano, akafungua daftari,
kando ya jina la Sista akaandika kwa herufi ndogo:
baba, nusu.
Kisha akakata, akaandika: baba, keria.

Umeme ulirudi saa nne usiku.
Tulisikia kishindo cha friji ya jirani,
na miguu ya mtu ikikimbilia soketi.