Dakika Saba za Mbeho

Ratiba niliichapa mwenyewe, Handali, chini ya turubai la buluu:
saa saba na nusu, muheme wa akina mama wa Nzali;
saa nane kamili, hadithi, dakika saba, Mbeho Chidawali;
saa nane na dakika saba, neno la mfadhili.
Nikajiona fundi. Kila kitu kimekaa mstarini
kama tofali mbichi zinazongoja tanuri.

Akaja. Si ajuza mliyemtarajia.
Miaka arobaini na kitu, mchoma tofali kwelikweli,
masizi kwenye kucha, kandambili kila mguu na rangi yake,
beji ya plastiki kaigeuza, picha yake inamtazama kifuani.
“Mbukwenyi,” akasema, na uwanja ukamrudishia, “Mbukwa!”
Kipaza sauti kikapiga mluzi. Akakitazama
kama unavyomtazama mbwa wa jirani.

Kisha akaketi. Jukwaani, katikati ya nyaya.
Akafungua pindo la kanga, akatoa karanga,
akaanza kumenya.

Dakika ya kwanza watu wakacheka.
Ya pili mshereheshaji akaniangalia; nami nikaangalia saa.
Ya tatu tulisikia maganda. Kipaza sauti kiliyanasa,
ta, ta-ta, kama mvua ya kwanza juu ya bati,
ile ya kudanganya wakulima.
Nikapanda, nikainama: Mama, muda unakwenda.
Hakunong’ona.
“Jua si hilo hapo? Hadithi haisimuliwi jua likiona.
Ukiitoa mchana, ng’ombe hawarudi zizini.
Wewe una ng’ombe?”
Sina.
“Ndiyo maana.”

Ya saba akakung’uta maganda, akashuka.
Mfadhili akasema neno lake. Neno lilikula nusu saa.

Usiku, baridi ya Julai ikaingia uwanjani bila kiingilio.
Saa tatu jenereta likakohoa, likakata roho.
Wapiga zeze waliendelea kidogo gizani,
kisha wakaacha, mmoja mmoja,
kama watu wanaokumbuka kwamba hawajala.
Nyuma ya jukwaa, kwa mama lishe, mafiga matatu,
ugali wa uwele, sufuria ya mlenda.
Nisiwadanganye: nilifuata moto.
Nikamkuta keshaanza.

“…basi Fisi akakabidhiwa ngoma, ailinde hadi kuche.
Ngozi ya fahali, bado inanukia mafuta.
Akalamba ukingo. Ukingo tu.
Akasema, ukingo haupigwi.
Akasogea kidogo. Akasema, na hapa hapapigwi sana.”

Mtu akacheka gizani; alikuwa mhasibu wetu.

“Kulipokucha ngoma imebaki mdomo wazi,
na wageni hao, na njuga miguuni.
Fisi afanyeje? Akajipiga tumbo.
Likalia!
Likalia kuliko ngoma. Watu wakacheza,
vumbi likapanda hadi likafunika kilima,
wakacheza mpaka jua likachoka kuwatazama.
Halafu mzee wa ngoma akasema:
Vema. Ngoma ikishapigwa, hutundikwa.
Leteni kamba.”

Hapo akanyamaza, akachochea kuni.
Tukangoja. Mhasibu akasema, enhe?
Mbeho akamwonyesha kwa kidevu mtoto wa mama lishe,
kalala, kinywa wazi, tonge mkononi.
“Aliyekuwa ananidai ndiye huyo.
Ninyi wengine mlikuwa mnapita.
Mwakani njooni na kuni.”

Hakuna aliyerekodi. Simu zilikuwa zimekufa pamoja na jenereta.

Asubuhi nikaandaa ripoti.
Mshiriki: Mbeho Chidawali.
Muda uliotumika: nikaandika saba, nikafuta.
Nikaandika, usiku.
Kompyuta ikakataa. Inataka tarakimu.

Nje, kando ya majivu, yule mtoto
alikuwa amepandisha shati, anajipiga tumbo
polepole, ametega sikio.