Kopo la Kibirizi

Jeni mia nne na kumi na mbili, Bukuru.
Tulizihesabu usiku, umeme uliporudi:
zinapaza sauti kwenye matamvua ya kuhe wa Kibirizi,
kwa kuhe wa Katonga, kimya.
Tukasema ni maji. Ni mafuta ya boti.
Tukaandika aya ya kwanza, ukaagiza mgebuka wa kuchoma.

Nikafungua daftari kutafuta tarehe tu.

Wa Kibirizi wote: Jumatatu, mkono wako,
barafu mpya, dawa ya chupa ya kwanza.
Wa Katonga wote: Alhamisi, mkono wangu,
jenereta ikikohoa,
RNA ikimeguka kwenye joto kama mkate wa juzi.
Vipande vifupi vikanakiliwa mara elfu,
virefu vikaishia mlangoni.
Mashine ikasoma ilichopewa,
haina kosa, haina aibu.

Basi tumepima nini? Ziwa,
au wiki yetu?

Mama huuza dagaa kwa kopo lililobonyea kitako.
Wateja wanajua, wananuna, wananunua.
Nilipomsimulia alikuwa anapepeta mchanga.
"Kubonyea si neno," akasema,
"wote nawapunja sawasawa.
Wewe umebadili kopo katikati ya foleni."

Mgebuka ule hatukuumaliza.

Kesho tunaanza upya:
wa huku na wa kule trei moja,
wamechanganywa kwa kura,
nusu kwako, nusu kwangu, siku ileile.
Huenda zikabaki jeni tisa.
Huenda isibaki hata moja,
na aya yetu nzuri, Bukuru,
nimekwisha kuifuta.