Usinisaidie

"Pandia kushoto," alisema Mbodze,
"kulia kuna ekzosi."
Nikapandia kulia.
Shavu la mguu likapigwa muhuri
wa ukubwa wa shilingi ishirini.
Nikanyamaza. Harufu ikanisemea.

Hiyo ilikuwa Mambrui, saa kumi na mbili unusu,
pikipiki ya zahanati,
sanduku la chanjo tupu, limefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu,
na mimi, mpishi wa hoteli iliyofunga milango,
niliyekanda unga wa Wataliano miaka ishirini na miwili,
sasa natafuta shibiri moja ya kukaa
kati ya sanduku na mgongo wa mke wangu.

Kijiweni walikuwa wamenyamaza,
ule unyamavu wa watu wanaokusanya maneno.
Kisha Ngowa, mdomoni mswaki:
"Mwaringa, kamata vizuri!
Usimwachie Mungu kazi ndogo ndogo!"

Nikamate wapi?
Kiuno nakijua, nilikitolea mahari, mbuzi kwa mbuzi,
lakini asubuhi ile, mbele za watu,
kilikuwa kiuno cha dereva.
Nikashika chuma cha nyuma, mikono yote miwili,
kama mtu aliyefungwa pingu akaambiwa atabasamu.

Tuta la kwanza, kofia yangu ikagonga kofia yake: ko!
Samahani.
Tuta la pili: ko!
Samahani.
Kufika tuta la shuleni samahani zilikuwa zimeniishia.

Halafu ile kona kabla ya daraja.
Pikipiki ikainama kulia,
nami, kwa akili zangu timamu, nikainama kushoto,
nikavuta dunia irudi wima.
Tuliyumba. Mbuzi wa watu wakatawanyika.
Mbodze akasimama kando, injini inanguruma,
hakugeuka.
"Unafanya nini huko nyuma?"
"Nakusaidia."
"Usinisaidie."
Akavuta pumzi.
"Ukinisaidia tutaanguka. Ninapolala, lala.
Ninaponyooka, nyooka.
Tukisimama, miguu yako iache palepale,
ya kushusha ni yangu.
Kuwa gunia, baba Jumwa. Ila gunia linalopumua."

Gunia.
Nikalimeza neno hilo bila maji.

Darajani, lori la chumvi kutoka Gongoni
likatupita kama ukuta uliochoka kusimama,
upepo wake ukatusukuma, kisha ukatuvuta,
chini Sabaki inapita nyekundu, nzito, haina habari na mtu,
na mikono yangu ikaacha chuma
bila kuniuliza.
Nilimkumbatia.
Sisemi ni mapenzi. Ilikuwa woga mtupu,
lakini mwili haukujali jina.

Na hapo ndipo nilipoliona bega lake.
Kabla ya kila kona, bega hushuka kidogo,
kama la mtu anayetega sikio mlangoni.
Miaka ishirini na sita
nimekaa mbele yake nikila, nimelala ubavuni mwake,
nimetembea mbele yake nikijiona naongoza njia.
Nyuma yake sijawahi.
Sikujua kwamba hupiga chafya mbili kukicha,
wala kwamba hujiimbia kitu kisicho na maneno
pindi barabara inaponyooka.

Kona ya Malindi nililala naye.
Hakusema kitu. Ikawa ndiyo sifa.

Langoni kwa hoteli mpya, kule Kasuarina,
nikamweleza bawabu habari za kazi,
uzoefu wangu, michuzi yangu, barua za wasifu,
naye ananitazama tu, midomo imebana kicheko.
"Mzee," akasema, "vua kwanza kofia."

Kazi? Waliandika namba yangu.

Jioni nilisimama kando ya lami, karibu na stesheni ya mafuta.
Pikipiki zikapita, kumi, kumi na tano,
zote za aina moja, zote zina sauti ile ile,
mpaka moja, ingali mbali,
nikaijua.
Mbodze alikuwa amelisogeza sanduku la chanjo,
sasa limejaa, nyuma zaidi, vidole vinne hivi.
Sikumuuliza.
Nikazunguka upande wa kushoto.
Mguu ukawaka kidogo,
nikapanda.