Kabla ya Ndege ya Jumanne

Nimepima mzigo kwa mizani ya bafuni:
kilo ishirini na tatu, basi, hakuna nyongeza.
Nimetoa vitabu, nikaweka vitunguu.
Nimetoa viatu vya kutokea, nikaweka betri,
uzi wa kufumia, pilipili ya unga,
na saa ya ukutani ya marehemu baba
ambayo sijui itanifaa nini
mahali ambapo Desemba jua huchungulia tu likaondoka
na Juni halijui kulala.

Wiki sita nimeshona miguu ya nguruwe
katika chumba cha chini, Rimouski,
mpaka muuza nyama akanizoea,
akawa ananiwekea pembeni bila kuuliza.
Nimeng'oa meno ya plastiki. Nimezalisha mwanasesere
mara kumi na moja, mara mbili makalio yakitangulia.
"Na daktari?" niliuliza.
Mwalimu Desrosiers akanyoosha kidole kwenye simu.
"Yumo humo. Hewa ikiwa njema."
"Na ikichafuka?"
Akafunga mkoba wake.

Usiku humpigia Siasi, mkalimani wa zahanati.
Nyuma yake nasikia mashine ya kufulia, watoto,
redio ikisoma namba za bingo.
Ananifunza lugha isiyohitaji ulimi:
nyusi zikipanda, ndiyo.
Pua ikikunjika, hapana.
"Usimuulize mtu mara tatu
naye keshajibu kwa uso.
Utakuwa unatazama karatasi yako, jibu litakupita."
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo,
nyusi juu, pua kunja,
kama mtu anayebishana na harufu.

Juzi nilimsomea mpango wangu:
chanjo, vipimo vya kifua, nyumba kwa nyumba.
Nilijisifu kidogo, sikatai.
Akanyamaza. Mashine ikamaliza kuzunguka.
"Bibi yangu Aquujaq walimpima kifua melini," akasema.
"Hawakumrudisha nchi kavu hata kuaga.
Mama alikuwa na miaka minne.
Alibaki ameshika kiatu kimoja cha ngozi ya sili,
sindano bado imo kwenye mshono.
Kaburi liko huko kwenu kusini, mahali fulani.
Hatujaambiwa."

Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone.
Husemwa na nani?
Na mgeni, nadhani.

"Kwa hiyo nyumba ya kwanza," akaendelea,
"iwe ya mama. Acha mkoba nje, kwenye kibaraza.
Vua viatu. Kaa. Kunywa chai
hata kama umekuja umejaa chai.
Usijaze kimya chake kwa maneno.
Ataanza kwa kukuangalia mikono."

Nimefungua sanduku tena.
Saa ya baba nimeirudisha kwenye msumari wake,
iendelee kuchelewa hapa hapa.
Palipokuwa saa nimejaza majani ya chai.
Nimekata kucha, nimeitazama mikono yangu
muda mrefu, kama ya mtu mwingine,
kama mikono iliyoomba kazi.

Jumanne alfajiri uwanja wa ndege ukapiga simu:
ukungu, huenda Alhamisi, huenda siyo.
Nikampigia Siasi, karibu nilie.
Akacheka mpaka watoto wakauliza kuna nini.
"Vizuri. Umeshaanza kazi.
Utaweza kungoja?"

Sikusema kitu.
Nilipandisha nyusi gizani, jikoni, peke yangu,
na upande wa pili wa simu
yeye akasema, "Haya."