Asili Isiwe Sifuri

Daugavpils, saa tatu usiku, darasa la watu wazima.
Ilgvars anakohoa, chaki yake fupi kama kishungi cha sigara.
Ubaoni: eksi mara eksi, juu ya eksi toa tatu,
ni sawa na tisa, juu ya eksi toa tatu.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Mchana nakagua tiketi kwenye tramu.
Namjua aliyepanda bure:
hutazama dirishani mno,
husalimia kwa adabu mno.

Sehemu zilinitisha tangu utoto.
Kiasi hukaa juu, kimevaa vizuri;
asili iko chini, imebeba.
Fomu ya shule iliwahi kuuliza asili yangu upande wa baba.
Mama alichora kistari,
chini yake hakuandika kitu.

"Zidisha pande zote," anasema Ilgvars.
Nazidisha. Asili zinatoweka
kama theluji juu ya reli iliyopashwa moto,
na kinachobaki ni chepesi hata nacheka:
eksi mara eksi ni tisa.
Tatu, basi. Au hasi tatu.

Naipenda tatu. Haina alama mbele yake,
ina sura ya mtu mwenye kazi na ufunguo wa nyumba.
Naipigia mistari miwili, naweka kalamu.

"Umeirudisha ilikotoka, Velta?"

Sijairudisha.
Nairudisha.
Tatu toa tatu,
na pale chini hapana sakafu.

Sikukosea hatua hata moja, naapa.
Nilifuata kanuni, na kanuni zenyewe zikaniletea
abiria mtanashati asiye na tiketi.
Ningeandika mapema, pembeni, kwa mwandiko mdogo:
*eksi isiwe tatu.*
Kabla ya kuzidisha. Kabla ya kumpenda yeyote.

Naifuta. Inabaki ile nyingine,
iliyokuja na kifimbo chake kimelala mbele.
Hasi tatu toa tatu, hasi sita.
Tisa juu yake, kushoto; tisa juu yake, kulia;
hasi moja na nusu pande zote mbili.
Inasimama. Sikuitegemea, lakini inasimama.

Nje, kipimajoto cha duka la dawa kinasoma hasi tatu.
Nakipita.
Kisha narudi hatua mbili, nafuta barafu kwenye kioo chake kwa glavu,
nakagua.