Dakika Tano Kabla

Kazi yangu ni kuwaamsha waliolala maboksini:
karatasi zilizokauka kama ganda la kitunguu,
mitetemo ya nyika ya Kazakhstani
iliyochorwa na sindano isiyojua kupendelea.
Nazilaza juu ya kioo, taa inapita chini yake,
nukta kwa nukta mlima unageuka tarakimu.

Wakuu wanasema hii ni hazina.
Ni hazina kweli, sibishi.
Tetemeko la ardhi huja kama mwizi,
hujui limetokea wapi, hujui saa ngapi;
bomu lilikuwa na ratiba, saini na muhuri,
shimo lake limepimwa kwa futi.
Mwangwi ukazama hadi kwenye kiini cha dunia,
ukagonga, ukarudi na vipimo:
unene wa gamba, mchemko wa chuma,
tufe gumu lililojificha katikati.
Nani mwingine aliwahi kupiga hodi kwa ukatili namna hiyo
akakaribishwa ndani?

Leo nimefungua boksi la mwaka sitini na nane.
Zamu ya Rimma Osipovna. Namjua kwa mwandiko tu,
herufi zake zinainama kama watu wanaopanda kilima.
Pembeni ameandika muda wa wimbi la kwanza,
chini yake, kwa penseli nyepesi:
*chai imemwagika.*
Hakuna zaidi. Hakuwa na ruhusa ya zaidi.

Asubuhi hiyo hiyo, kusini-mashariki,
askari alipita nyumba kwa nyumba kijijini Akbulak.
Tokeni nje. Zimeni majiko.
Lalieni mtaro, vichwa vyenu viangalie mto.
Bibi yangu Kulyash alikuwa ameumua unga.
Aliufunika kwa blanketi la mtoto,
akambeba mtoto bila blanketi.
Ardhi ilijikunja kama mgongo wa farasi
anayefukuza nzi.
Tanuri likapasuka toka juu hadi chini.
Vikombe saba vya mahari vikabaki kimoja,
nacho hakina mkono.

Nimempigia simu. Sikio la kushoto limekufa,
nimesema kwa sauti hadi mlinzi akachungulia.
— Bibi, nimeiona ile siku. Ipo hapa. Ina urefu wa shubiri tatu.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake.
— Na ng'ombe wapo?
— Ng'ombe?
— Walilia kabla yetu. Wote, kwa pamoja.
Sindano yenu haikuandika ng'ombe?

Nilitaka kumweleza mambo ya mawimbi,
kwamba kwa mistari hii wanafunzi wangu
hutenganisha bomu na tetemeko,
na kwamba leo asitokee mtu wa kulipua chini ya mlima wowote
akasema ni Mungu aliyepiga chafya.
Nilitaka ajue kwamba vikombe sita
vimenunua kitu.
Lakini deni la mtu hulipwa kwa aliyekopwa,
na mimi si karani wa deni lile.
Nikamwambia nitatazama tena.

Nimetazama.
Kabla ya wimbi mstari haukutulia kabisa.
Una mtetemo mwembamba, kama uzi unaovutwa na pumzi:
upepo juu ya maziwa, malori, bahari za mbali,
kelele tunazozikata ili data iwe safi.
Kutoka kituoni hadi Akbulak ni kilomita mia sita na tisini.
Kwato hazifiki. Nyayo za mwanamke hazifiki,
hata akikimbia, hata akiwa amebeba.
Najua. Hesabu hiyo naifundisha mwenyewe.

Nimeukuza ule uzi mara kumi, mara hamsini,
nimekaa nao hadi taa za ukumbi zikajizima.
Kisha nimeuhifadhi wote, pamoja na uchafu wake.

Kesho mkuu atauliza
kwa nini faili hili, peke yake kati ya elfu tatu,
linaanza dakika tano mapema.