Karibu Tenga

Kibao cha mlangoni nilikiandika mwenyewe: TUNACHOMA CHIPU.
Kila Ijumaa lazima mtu achungulie, aulize sahani bei gani
na kama zinawekwa mayai.
Ndiyo Barabara ya Kumi na Tatu hiyo. Nimezoea.

Mzee Kihedu hakuuliza mayai.
Aliingia na kiroba, ndani yake kanga, ndani ya kanga
kompyuta ya mwaka themanini na tatu,
vitufe vya mpira vimelainika kama ulimi wa ng'ombe.
Ilihesabu robota za mkonge, akasema, miaka sita,
haikuniibia hata kilo.
Tukaiunga kwenye tivii ya chogo. Chenga, mistari, chenga,
kisha herufi nyeupe, moja baada ya moja:

KARIBU TENGA

"Tenga la nini?" akasema. "La dagaa?"
Akacheka, halafu akaacha.
Salamu hiyo aliichoma mdogo wake, Mbelwa,
fundi redio wa meli, likizo yake ya mwisho nyumbani.
Aliandika TANGA. Mzee alikuwepo, alishika tochi.

Nikaichokonoa chipu kwa bisibisi bapa,
upande huu kidogo, upande ule kidogo,
kama unavyong'oa jino la utoto.
Mgongoni ina kidirisha cha kioo, kimezibwa kwa plasta ya kidonda,
kwa kuwa mwanga ndio unaoifuta.
Sisi huku tunaanika nguo, muhogo, godoro la mtoto.
Hiki usikianike.

Mashine yangu ya kuchomea ni kongwe kuliko mimi:
sanduku la rangi ya chai iliyopoa, mkono mmoja wa chuma.
Unauinua, unapachika miguu ishirini na minane, unaushusha.
Haielewani na kompyuta za leo. Inaitaka laptopu ya marehemu baba,
yenye tundu pana la printa na betri iliyokufa,
kwa hiyo umeme ukikatika tunaanza upya, sote watatu.
Volti ishirini na moja. Ukizidisha, pua itakwambia.

Nikasoma. Namba zikateremka safu kwa safu
mpaka nikaona: mahali pa 41 pamekaa 45.
Biti moja. Sifuri moja iliyochoka kuwa sifuri.

Nikamweleza Mzee, maana hata mimi ilinichukua miaka:
chipu isiyoandikwa haina sifuri hata moja.
Imejaa moja tupu, mwanzo mpaka mwisho.
Kuandika ni kupunguza.
Na kusahau, kwake, si kumwagika. Ni kujaa tena,
tone kwa tone, kama ndoo chini ya bomba lisilofunga.

Alikuwa akiitazama taa niliyokwisha kuiwasha,
ile ya kusafishia maji, niliyoinunua kwa wauza maji wa Chuda.
"Kwa hiyo unamfuta?"

Alisema unamfuta.

Nikaizima taa.
Hapana, Mzee. Hapa pamezidi moja tu. Naipunguza.
Nikabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka,
nami nikaomba TANESCO wasinikumbuke kwa sekunde tatu.

KARIBU TANGA

Hakusema kitu. Alitoa leso, akafuta kioo cha tivii,
akarudia palepale alipokwisha kufuta.

Mwishoni mwa chipu zilibaki nafasi kumi na tisa.
Nilizihesabu mara mbili. Zingenitosha:
SOMOE 2024 BADO IPO,
kumi na tisa kamili, pamoja na vipengo vya katikati.
Kidole kilishafika juu ya kitufe.
Nikauinua mkono wa chuma.

Nimeziacha zimejaa. Atakayekuja na neno lake
hatahitaji taa, hatahitaji jua,
hatamgusa Mbelwa.
Atapunguza tu.

Mzee alilipa elfu nane, akakunja kanga,
akaikunjua, akaomba plasta mpya.
Nikampa mbili.